Dorayaki za nyumbani: anko isiyochuruzika na vichapati visivyokauka

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Ninaishi Tanga na huuza maandazi na vitumbua asubuhi. Siku hizi wateja wangu vijana wananiulizia dorayaki, zile chapati mbili ndogo za Kijapani zinazobanwa pamoja na maharage matamu katikati, nami nimeanza kuzijaribu. Nimeshindwa na mambo matatu: uso wake hutoka na mabaka badala ya rangi moja ya kahawia, zikipoa hukauka na kukatika, na maharage ya ndani huwa majimaji hadi yanachuruzika. Sina azuki, kwa hiyo natumia maharage ya kawaida ninayoyasaga kwenye blenda, na sukari naipunguza kwa sababu naona ni nyingi mno. Jiko langu ni la mkaa. Je, niendelee, au nitumie tu chuma changu cha vitumbua?

Jibu: Endelea, dada yangu, kwa sababu vyombo ulivyonavyo vinatosha, na karibu kila kitu unachohitaji kinapatikana katika soko la mji wako. Kukauka kwa chapati na kuchuruzika kwa maharage ni tatizo moja lenye sura mbili, nalo ni maji: yamebaki ndani ya maharage ambako hayatakiwi, na yametoka ndani ya chapati ambako yalipaswa kukaa. Mabaka yana chanzo kingine, ambacho ni mafuta pamoja na moto usio sawa. Nitaanza na maharage, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa na ndiyo inayopaswa kumalizika kabla hujapasua yai hata moja.

Wajapani huyaita maharage hayo matamu anko, na huyapika kwa azuki, punje ndogo nyekundu ambazo kwa Japani hulimwa zaidi katika kisiwa cha Hokkaido, hasa eneo la Tokachi. Kwa mpishi aliyeko mbali na Hokkaido, la kujua ni kwamba azuki ni ndugu wa karibu wa kunde na choroko. Mimea hiyo mitatu imo katika jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya ukoo wa karibu, iitwayo Vigna, ilhali maharage ya kawaida ni ya jenasi nyingine na ngozi yake mara nyingi ni nene zaidi. Ndiyo maana nakushauri uache maharage makubwa mekundu na utafute kunde nyekundu zenye punje ndogo, kwa kuwa ndizo zitakazokusogeza karibu zaidi na umbile la anko yenyewe. Ukizikosa, chukua maharage meupe, na usione kwamba unawadanganya wateja, kwa sababu Wajapani wenyewe hupika anko nyeupe iitwayo shiroan kwa maharage meupe, na ni kitu cha heshima katika maduka yao ya vitamutamu.

Sasa iweke blenda kando kabisa. Ndani ya punje ya kunde au ya azuki, wanga umefungwa katika vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na punje inapochemka, protini iliyomo huganda kuuzunguka wanga huo ili usitoke nje. Anko nzuri ni mkusanyiko wa vifuko hivyo vikiwa vizima, na ndiyo sababu hulainika mdomoni bila kunata. Visu vya blenda huvipasua, wanga hutoka, na unachopata ni ujiuji unaonata ambao hata ukiupika kwa muda mrefu hauwi na umbile linalotakiwa. Tumia mwiko, na uziponde kunde zilizoiva nusu tu ukitaka anko yenye punje, ambayo huitwa tsubuan. Ukitaka iliyo laini kabisa, koshian, pitisha kunde zilizoiva kwenye chekeche huku ukimwagia maji ili ngozi zibaki juu, acha maji hayo yatulie hadi unga wake utuame, mwaga maji ya juu taratibu, kisha kamua unga uliobaki kwa kitambaa safi cha kuchujia tui. Ni kazi ya kuchosha, na kwa biashara ya asubuhi naona tsubuan inakutosha.

Pima kunde gramu 250, zichambue na kuzisafisha. Hazina lazima ya kulowekwa, ila maharage ya kawaida yaloweke usiku mzima, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa nguvu kwa nusu saa tangu mwanzo, kwa sababu maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Kunde ziweke kwenye sufuria na maji mengi, zichemshe kwa dakika tano hivi, halafu mwaga maji yote na uzisuuze. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona wanapoteza rangi, lakini ndiyo inayoondoa ukakasi, na anko yenye ukakasi haiokolewi na sukari ya kiasi chochote. Weka maji mapya yanayozifunika kwa vidole viwili, punguza moto, na uziache zichemke kwa utulivu kwa saa moja au zaidi, ukiongeza maji kidogo kila punje zinapoanza kuonekana juu.

Zinaiva lini? Chukua punje moja, ibane kati ya kidole gumba na kidole kidogo, ambacho hakina nguvu. Ikipondeka yote bila kiini kigumu katikati, zimeiva. Rudia kwa punje kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za sufuria. Nasisitiza hapa kwa sababu sukari ikishaingia, punje hazilainiki tena: sukari huyavuta maji na kuikaza ngozi, kwa hiyo kunde iliyokuwa na ugumu kidogo itabaki na ugumu huo hata ukiichemsha hadi jioni.

Mwaga maji yaliyozidi, kisha weka sukari gramu 200 kwa awamu mbili au tatu, ukikoroga kwa mwiko moto ukiwa wa wastani. Hapa ndipo, naamini, unapokosea. Sukari ikiyeyuka, anko huwa nyepesi ghafla kuliko ilivyokuwa kabla, na mpishi huduwaa, huona imeharibika, au huiepua kwa matumaini kwamba itaganda yenyewe. Hiyo ni hatua ya kawaida. Endelea kukoroga kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ukikwangua chini ili isiungue, mpaka ukipitisha mwiko katikati ya sufuria uone chini yake, na mfereji huo ubaki wazi kwa sekunde mbili tatu kabla haujajifunga. Weka robo kijiko cha chai cha chumvi na uepue. Iepue ikiwa bado laini kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ikipoa huongezeka uzito. Ukisubiri ikaze jikoni, kesho yake itakuwa kavu na yenye kupasuka. Ichote kwa mafungu madogo kwenye sinia pana ili mvuke utoke haraka, kwani ukiiacha ndani ya sufuria na kuifunika, mvuke wote utaurudisha uleule umajimaji unaoulalamikia.

Nakuomba pia usipunguze sana sukari hiyo. Sukari huyashika maji ili yasitembee ovyo na yasitumiwe na vijidudu, hivyo anko yenye sukari chache huchuruzika mapema na pia huchacha mapema, jambo ambalo kwa joto la pwani halina msamaha. Ukitaka utamu upungue mdomoni, punguza kiasi cha anko unachoweka katikati, na uache uwiano wake kama ulivyo.

Ushauri huohuo, kwa uzito mkubwa zaidi, unahusu vichapati. Rojo la dorayaki ni mtoto wa keki iitwayo kasutera, ambayo mapishi yake yaliingia Nagasaki na Wareno katika karne ya 16, na kama kasutera, limejengwa juu ya mayai na sukari nyingi. Mafundi wa Kijapani wana kipimo cha msingi cha uzito sawa wa mayai, sukari na unga, nao hukirekebisha kidogo kutoka hapo. Mtu aliyezoea chapati za maji akikiona kipimo hicho hushtuka na kukata sukari hadi nusu, kisha anashangaa chapati zinakauka. Sukari ndiyo inayoyazuia maji yasitoke baada ya kupoa, na ndiyo inayouzuia wanga usikaze. Asali huongeza kazi hiyohiyo na zaidi, kwa kuwa sukari zake hugeuka rangi ya kahawia kwa moto mdogo kuliko sukari ya kawaida, hivyo uso hupata rangi kabla ndani hakujakauka.

Kwa dorayaki nane, tumia mayai matatu ya wastani, sukari gramu 130, asali kijiko kimoja cha chakula, unga wa ngano gramu 150, na nusu kijiko cha chai cha bekin soda iliyoyeyushwa katika vijiko viwili vya chakula vya maji. Usizidishe bekin soda kwa kutaka zivimbe zaidi, kwani hutoa ladha ya sabuni. Unga unaotumika Japani kwa kazi hii una protini ndogo, takriban asilimia 8, na unga wetu wa chapati kwa kawaida huwa na zaidi ya hapo, ndiyo maana chapati za nyumbani huvutika na kuwa ngumu. Ukipata unga wa keki, utumie. Ukiukosa, toa gramu 20 za unga wa ngano na uweke gramu 20 za wanga wa mahindi, ule mweupe unaoteleza vidoleni, si unga wa sembe. Mapishi mengi ya Kijapani huongeza mirin, kimiminika kitamu cha mchele ambacho kina kilevi cha takriban asilimia 14. Kwa kuwa unauza katika mji wenye Waislamu wengi, iache kabisa. Ongeza kijiko kingine cha asali, na umbile la dorayaki halitapungukiwa.

Piga mayai na sukari na asali mpaka yawe mepesi na rangi ipauke, lakini usiyapige hadi yasimame kama ya keki ya sherehe, kwa sababu mapovu mengi hupasuka juu ya kikaango na kuacha vishimo usoni. Mimina bekin soda, chekecha unga juu yake, na uchanganye taratibu hadi unga usionekane, kisha uache mikono. Funika, na ulipumzishe rojo hilo kwa nusu saa. Wakati huo unga unakunywa maji vizuri na ile nguvu ya kuvutika inalegea. Baada ya mapumziko utalikuta limekuwa zito zaidi, na usilipike hivyo: ongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka ukiliinua kwa upawa lidondoke kama utepe mpana, na utepe huo uzame na kupotea juu ya rojo ndani ya sekunde chache. Rojo zito mno hutoa vichapati vinene vyenye ukavu. Jepesi mno husambaa hadi likawa halina umbo.

Sasa mabaka. Rojo likikutana na matone ya mafuta kwenye kikaango, sehemu iliyokaa juu ya mafuta hukaangika na sehemu iliyogusa chuma huoka, na sehemu hizo mbili haziwezi kuwa na rangi moja. Uso laini wa kahawia unaouona kwenye dorayaki za dukani unatokana na kuoka kwenye chuma karibu kikavu. Tia tone la mafuta kwenye kikaango kizito, lipake kote kwa kitambaa, kisha ulifute kwa kitambaa kingine kikavu hadi ujiridhishe kwamba hakuna kitu kilichobaki. Rudia kufuta kila baada ya vichapati viwili au vitatu. Mwanzoni utahisi unajitafutia kugandisha, kwa sababu mazoea ya maandazi na vitumbua yametufundisha kwamba mafuta ni rafiki. Ila rojo lenye sukari na mayai likipikwa kwenye kikaango kisichoshika, au cha chuma kilichozoeshwa vizuri, yaani kilichopakwa mafuta na kupashwa moto mara nyingi hadi kisishike, hujiachia lenyewe likiiva.

Madukani Japani hutumia bamba pana la shaba lenye moto wa karibu nyuzi 180, na shaba huchaguliwa kwa kuwa husambaza joto sawasawa. Mkaa wako unaweza kukaribia hapo ukiutuliza. Subiri makaa yawe mekundu yote, yatandaze sawa, kisha yafunike kwa majivu mepesi. Ukiona kikaango kina joto zaidi sehemu moja, kizungushe mara kwa mara. Dondosha matone mawili ya maji: yakichemka kwa sauti ya chini na kukauka baada ya muda mfupi, joto linafaa, yakirukaruka na kubingirika, kikaango kimezidi moto. Weka karibu kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, na kila kikaango kinapozidi joto, kiweke juu yake kwa sekunde tatu. Wapishi wa nyumbani nchini Japani hufanya hivyo, na ni njia ya kuaminika zaidi ya kuupata moto ulio sawa.

Mimina rojo kiasi cha gramu 30, yaani vijiko viwili vya chakula, mahali pamoja na bila kuutembeza mkono, ukiwa umeinua upawa kidogo. Lenyewe litasambaa na kuwa duara la sentimita nane au tisa. Usiliguse. Baada ya dakika moja na nusu hadi mbili, mapovu yatatokea juu, baadhi yataanza kupasuka, na kingo zitapoteza mng'ao. Hapo ndipo unapopitisha kijiko bapa chini yake chote kwa tendo moja na kuligeuza. Upande wa pili unahitaji sekunde 30 tu, nao utabaki na rangi hafifu, jambo ambalo ni sahihi kwa kuwa ndio utakaogusa anko. Wengi huusubiri nao upate rangi, na katika kusubiri huko ndimo maji yote yanamoishia. Kila kichapati kikitoka, kiweke chini ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa barabara, ukirundika kimoja juu ya kingine.

Vikiwa na uvuguvugu mdogo tu, chukua kimoja, weka anko gramu 40 katikati kwa umbo la kichuguu, na usiipake hadi pembeni. Funika kwa kingine, ubane kingo kwa vidole mpaka zikaribiane. Kisha, kila moja ifunge peke yake kwenye karatasi ya plastiki ya chakula na uiache kwa saa kadhaa. Dorayaki iliyotoka kujazwa huwa ni vitu vitatu visivyofahamiana. Baada ya usiku mmoja, unyevu wa anko huwa umeingia kwenye vichapati, navyo vimekuwa laini hadi kingo. Kwako hili ni baraka ya kazi: pika jioni, funga, uza asubuhi. Hakikisha tu hazina mvuke unapozifunga, kwa kuwa mvuke ukifungiwa hugeuka matone, na matone huleta ukungu.

Umbo hili la chapati mbili si la kale kama wateja wako wanavyoweza kudhani. Kwa kawaida linahusishwa na duka la Usagiya la Ueno, Tokyo, lililoanza mwaka 1913, na kabla yake dorayaki ilikuwa ya chapati moja tu inayokunjwa. Huko Kyoto, duka la Sasaya Iori bado huuza dorayaki ya umbo la mcheduara, iliyoviringishwa na kufungwa kwa ganda la mwanzi, na huiuza siku tatu tu kila mwezi, tarehe 20 hadi 22. Naeleza haya ili usiogope kubadilisha umbo, alimradi usibadilishe kanuni za maji na moto.

Kuhusu chuma chako cha vitumbua, jibu langu ni ndiyo, ila kwa kitu kingine. Japani ina imagawayaki, ambazo huokwa katika vishimo vya duara vya chuma na zimekuwepo tangu karne ya 18, na pia taiyaki zenye umbo la samaki, ambazo duka la Naniwaya la Tokyo, lililoanzishwa mwaka 1909, linatajwa kuwa chimbuko lake. Hizo huliwa moto, nje zikiwa na ukavu wa kupendeza, na rojo lake ni tofauti: unga gramu 150, bekin pauda kijiko kimoja cha chai, yai moja, sukari vijiko viwili vya chakula, na maziwa kama mililita 170. Paka mafuta kwenye vishimo, na hapa yapake bila hofu, jaza rojo hadi theluthi moja, weka kidonge cha anko, funika kwa rojo, na ugeuze kama unavyogeuza vitumbua. Rojo la dorayaki usilitumie humo, kwa sababu sukari yake itaungua kwenye vishimo kabla katikati hakujaiva, na rojo la imagawayaki nalo ukilitandaza kwenye kikaango na kulilaza usiku litakuwa gumu kufikia asubuhi. Ningekuwa mahali pako, ningeuza dorayaki asubuhi na hizi za chuma jioni, wakati wateja wanaweza kuzila palepale zikiwa moto.

Kwa uhifadhi, dorayaki ziuze ndani ya siku moja tangu kufungwa, na katika miezi ya joto kali zisipitishe mchana wa siku hiyo. Usizitie kwenye sehemu ya kawaida ya friji, kwa kuwa ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri ndio unaoukaza wanga haraka kuliko hali nyingine yoyote. Zigandishe kwenye friza zikiwa zimefungwa moja moja, na zitoe saa mbili kabla ya kuuza, bila kuzifungua mpaka ziyeyuke. Kwa kipimo nilichokupa, anko itatosha kwa rojo la mara mbili hivi, na nusu utakayobakiza igandishe vilevile kwa mafungu ya gramu 40, ili jioni ya siku yenye kazi nyingi ubaki na kuoka tu.